Mwanangu, kuhusu kile kishikio cha ngazi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umesema umekaa siku tatu ukichora mahali pamoja tu, pale kishikio cha ngazi kinapofika ukutani, na mkuu wako akakuambia kwamba hapo hapana mtu atakayepaangalia. Mwenzako naye akatia neno: ukiendelea hivyo utakuwa kama Carlo Scarpa, yule msanifu wa Venice aliyechora sana akajenga kidogo. Ndipo ukaniuliza, "Baba, kuhangaikia vitu vidogo namna hii ni ufundi au ni majivuno?"

Mwenzako amelitaja jina hilo kama onyo. Mimi nimelipokea kwa furaha. Usanifu sikuusomea, maisha yangu yote nimeshika randa na patasi, lakini kati ya wasanifu wa karne iliyopita ambao picha na michoro yao imenipitia mikononi, Scarpa ndiye ambaye nikilitazama jengo lake nawaona mafundi. Namwona aliyechonga, namwona aliyemimina zege, namwona aliyepiga msasa hadi jioni.

Alizaliwa Venice mwaka 1906, akasoma katika chuo cha sanaa cha mji huo na kuhitimu 1926. Mtihani wa serikali wa kumpa leseni ya usanifu hakuufanya, na baadaye akashitakiwa kwa kujenga bila leseni. Wengi wakimsimulia huanzia hapo. Mimi naanzia kwenye tanuru. Kabla ya kupewa majengo makubwa alifanya kazi na wapuliza vioo wa kisiwa cha Murano, kwanza katika karakana ya Cappellin, kisha ya Venini hadi 1947. Kioo cha moto hakimsubiri mchoraji. Unasimama kando ya fundi, unaona kinachokubali na kinachokataa, na wazo lako linageuka hapo hapo. Mtu aliyekulia kazini namna hiyo, hata akija kuchora mlango, mchoro wake huwa ni swali kwa seremala.

Na maseremala alikuwa nao. Saverio Anfodillo kwa mbao, ukoo wa Zanon kwa chuma na shaba, Eugenio De Luigi kwa lipu. Aliwarudia hao hao, jengo baada ya jengo, miaka na miaka. Hili naomba ulishike, maana vijana wa siku hizi mnafundishwa kwamba fundi ni mtu wa mwisho kuitwa, mchoro ukishapigwa mhuri. Kwake fundi alikuwamo tangu penseli inagusa karatasi.

Sasa tazama Castelvecchio, ngome ya karne ya 14 pale Verona aliyoigeuza kuwa makumbusho, kazi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na milango ikafunguliwa 1964. Umeniambia mmeonyeshwa picha zake chuoni, na nina hakika mlionyeshwa sanamu ya Cangrande, mtawala wa zamani wa Verona, juu ya farasi, imesimama hewani juu ya mkono wa zege. Ni nzuri, sikatai. Lakini wewe rudi ukatazame sakafu ya vile vyumba vitano vya chini. Sakafu ya zege haigusi ukuta. Imeishia kabla, imefungwa kwa ukingo wa jiwe, na kati yake na ukuta wa zamani pameachwa mfereji mwembamba. Kwa nini? Kwa sababu ukuta una umri wa mamia ya miaka na sakafu ni ya juzi. Fundi mvivu angezikutanisha kwa nguvu na kuziba kwa saruji, na kila mtu angedhani vilizaliwa siku moja. Scarpa aliuacha ukuta ubaki mzee na sakafu ibaki mgeni, vikae jirani kwa heshima.

Inua macho hapo hapo uone boriti ya chuma inayopita chini ya dari. Haikuwa kipande kimoja kilichofichwa ndani ya lipu. Ni vipande viwili vilivyobanwa kwa ribiti, zile pini za chuma zinazopigwa kichwa pande zote mbili, na ribiti zinaonekana moja moja. Mimi seremala nikiiona najua imeunganishwaje bila kumuuliza mtu. Nenda kwenye sanamu: kila moja ina kitako chake, kimewaziwa uzito wake, na upande ambao mwanga wa dirisha utauangukia uso. Mchoro mmoja wa kitako ungeweza kutumika kwa sanamu zote, na kazi ingeisha mapema. Kwa kweli hapo ndipo penye jibu la swali lako, ila sitaki kukimbilia huko bado, kwa sababu kuna jambo nataka kukiri.

Nikiwa bado kijana niliwahi kutengeneza ngazi ya mbao kwa mteja mmoja. Kiungo kimoja cha kishikio hakikukaa. Nilikata vibaya, pakabaki uwazi wa karibu milimita mbili, na badala ya kukata upya nikachanganya vumbi la mbao na gundi, nikajaza, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Ilipendeza. Nililipwa na nikashukuriwa. Mvua zilipokuja mbao ikavimba, kiangazi ikasinyaa, na ule ujazo ukadondoka kidogo kidogo kama unga, hadi kishikio kikaanza kucheza mkononi mwa kila aliyepanda. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mteja hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Tangu siku hiyo kila nikikutana na kiungo kilichozibwa ili kionekane hakipo, napiga hatua nyuma na kujiuliza kinachofichwa ni nini.

Kwa hiyo ukiniambia hakuna atakayepaangalia, nakubali, huenda macho hayatafika. Mkono utafika. Maji yatafika, jua litafika. Kwenye jengo lolote hivyo vitatu huenda kwanza mahali vitu viwili vinapokutana.

Maji Scarpa aliyajua kama Mvenisi anavyoyajua. Jumba la Querini Stampalia, pale pale Venice, lilikuwa likiingiliwa na bahari kila kina kilipopanda, na alipopewa ghorofa ya chini kuitengeneza, kati ya 1961 na 1963, hakujaribu kuyafungia maji nje. Aliyapa njia. Yanaingia kupitia mageti ya chuma upande wa mfereji, yanapita ndani kwenye mikondo aliyoyapimia, na kando yake akainua njia ya kutembelea yenye ukingo wa jiwe, ili mtu apite mkavu huku akiyaona. Upana wa ukingo, kimo cha daraja, mahali maji yaishie, yote ni mambo ya sentimita. Ukikosea, wageni wanalowa. Niambie hapo majivuno yako wapi.

Sitakudanganya kwamba hakukosea. Kaburi la familia ya Brion, kule San Vito d'Altivole, ndilo linalopendwa kuliko kazi zake zote. Lilijengwa kwa ombi la Onorina Brion kwa ajili ya mumewe, na pale zege limepindwa vidato vidato kila mahali, kidato kimoja sentimita 5.5, kwenye kingo za kuta, kwenye madirisha, hata chini ya maji ya bwawa. Kila kidato ni mbao iliyokatwa na seremala kabla zege halijamiminwa, na nikiwaza hesabu ya mbao hizo mikono yangu inachoka kwa niaba yao. Lakini vidato hivyo hivyo vinashika maji ya mvua, na kwa miaka mingi zege lilipiga weusi na kuota kuvu, hadi likafanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika 2021. Wapo wanaosema weusi ule unalifaa kaburi. Mimi naona angeweza kuyapa maji njia bora, kama alivyofanya Querini. Ila ndani yake majeneza mawili ya mawe, la mume na la mke, yameinamiana chini ya tao kama watu wanaotaka kusikizana, na mwinamo ule mdogo tu unanifanya nimsamehe kuvu lote.

Yeye mwenyewe alifariki Novemba 1978, Sendai, Japani, baada ya kuanguka kwenye ngazi. Amezikwa pale pale Brion, kwenye pembe kati ya kaburi hilo na makaburi ya zamani ya kijiji.

Sasa kuhusu siku zako tatu. Mkuu wako ana mishahara ya kulipa, na ana haki ya kuzihesabu. Usimchukie. Lakini nilipoitazama ile picha uliyonitumia, kilichonipa wasiwasi hakikuwa siku. Umechora kishikio kikiingia ukutani na kupotelea ndani ya lipu, na mstari wenyewe ni mzuri kweli, ila sioni mahali popote ulipoonyesha kimeshikwa na nini. Umechora jinsi kitakavyoonekana. Scarpa angeendelea: kishikio ni mbao, ukuta ni tofali, havipendani, basi nani asimame katikati yao? Kipande cha shaba? Jiwe? Nafasi tupu yenye upana wa kidole? Ukishajua hilo kuchora hakutachukua hata asubuhi moja.

Nenda kamtafute fundi atakayekitengeneza kabla hujapeleka mchoro kwa mkuu wako. Mwulize anapenda kukikata vipi. Kisha niandikie unene wa mbao, aina yake, na kama kishikio kiko ndani au kwenye mvua, nami nitakuchorea jinsi ningekiunga mimi.

Babako.