Kufinyanga chetezo Bagamoyo kwa siku mbili

Dada, nimekuelewa: uko Bagamoyo siku mbili tu, na unataka ufinyange chetezo kwa mikono yako mwenyewe, urudi nacho Mwanza kiwe zawadi ya mama. Kufinyanga utaweza. Kitakachokubana ni kukauka. Udongo ukichomwa ukiwa na maji ndani, mvuke hukosa pa kutokea na chombo hupasuka motoni. Mimi niliharakisha changu, kikakaa kivulini siku moja. Nikaja kuokota vigae majivuni, na kipande kilichoruka kilikuwa kimepasua chungu cha mama mfinyanzi kilichokuwa kando. Hicho ndicho kiliniuma zaidi.

Kwa hiyo finyanga siku ya kwanza, kitu kidogo cha kuenea kiganjani, kuta zilingane unene. Mwachie mfinyanzi akianike kivulini wiki moja au mbili, akichome pamoja na vya kwake, kisha akutumie kwa basi. Patana naye bei kabla hujagusa udongo, na umlipe kuni na muda wake pia. Usiondoke nacho kibichi. Kikilowa kinarudi tope.

Ukitaka cha kubeba siku hiyohiyo, nunua kilichokwisha chomwa. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kizima hulia wazi, chenye ufa hutoa sauti butu. Kiviringishe kwenye kanga, usikiweke kwenye buti la basi.

Na ukipita magofu ya Kaole, mji wa kale karibu na Bagamoyo, usiokote kigae hata kimoja. Vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.