Kiti cha Anti wa Korogwe

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, nikaurudia jana baada ya alfajiri. Leo nimeona bora nikuandikie, maana kwenye simu nitalia, nawe utaanza kunibembeleza badala ya kunisikiliza.

Umeniuliza, "Mama, niache kazi au nivumilie?" Unasema mkuu wako wa kitengo anakusema mbele ya wenzako kwenye kundi la wasapu la ofisi, saa nne usiku. Vikao unavisikia vimeshakwisha. Ndani ya miezi 2 umeandikiwa barua 3 za kutakiwa ujieleze. Halafu mwisho kabisa, kama kitu kidogo, ukaongeza kwamba kila Jumatatu unatapika kabla ya kupanda daladala, na saa nane za usiku uko macho unahesabu mabati. Hilo ndilo ungeanza nalo. Usingizi hauna mwajiri, mwanangu. Mshahara ni wao na dawati ni lao, lakini usingizi ulikuja nao kutoka kwangu.

Unamkumbuka anti wa Korogwe? Yule aliyekuwa akikuletea mafyulisi ya Lushoto kwenye kikapu, ukamwaga yote uani kwetu Barabara ya 12 na baba yako akakuchapa? Uliniuliza karibu mwaka mzima mbona haji tena. Nilikujibu amehamishwa. Hakuhamishwa.

Ilikuwa mwaka 1996, masijala, tulikuwa wanne. Yeye alijua kila jalada lilipo. Ukimtajia namba anainuka na kulivuta bila kutazama daftari. Alipokuja bosi mpya, siku moja anti akamsahihisha bosi tarehe ya barua mbele ya mgeni. Kwa adabu kabisa, na tarehe aliyoisema ndiyo iliyokuwa sahihi. Hilo tu. Kuanzia hapo barua zake zikawa zinarudi na wino mwekundu, zinabandikwa kwenye ubao wa matangazo tuzisome wote. Tukienda kunywa chai ya saa nne, yeye anaitwa ofisini. Siku nyingine anaambiwa asubiri pale mlangoni, anasubiri mpaka saa sita, haambiwi kitu.

Kisha kile kiti. Changu kilivunjika mguu. Bosi akaja, akanyoosha kidole: chukua cha huyu, huyu kazi yake haihitaji kukaa. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, mwanangu. Nikakichukua, nikakaa. Wiki 3 aliandika daftari la barua zinazoingia akiwa amesimama, na mimi nimekaa hatua moja kutoka kwake.

Najua utasema, mama, ungefanya nini? Baba yako alikuwa ameshapunguzwa kazi, viwanda vya Tanga vinafungwa kimoja baada ya kingine, na serikalini nako orodha za wanaopunguzwa zilikuwa zinatoka. Mshahara wangu ndio uliokuwa unalipa ile chumba na sebule. Nimejiambia hayo kwa miaka mingi na yote ni kweli. Lakini kumwambia tu pembeni, "Dada, ninaona wanachokufanyia," kungenigharimu nini? Hakuna aliyemwambia. Naona hilo lilimuumiza kuliko kiti.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo ninapotaka kufika. Baada ya miezi akaanza kusahau. Namba za majalada zikampotea. Anahesabu barua mara 3, mikono inatetemeka, anaanza upya. Bosi akatuambia, "Si niliwaambia huyu hawezi kazi?" Nasi tukaona kweli, hawezi. Walimvuruga akili mpaka akasahau, halafu wakamhukumu kwa kusahau. Wewe umeniandikia kwamba siku hizi unakosea hesabu ulizokuwa ukizifanya huku unaongea, kwa hiyo pengine bosi wako ana haki. Hana. Mtu asiyelala hukosea hesabu. Usipime uwezo wako kwa siku ambazo umekosa usingizi, na nimeshakwambia usingizi hauna mwajiri.

Wapo waliosema amerogwa. Wengine walisema safari ya Mirembe hiyo, hospitali ya wagonjwa wa akili, wakacheka tena. Hakuna aliyesema anaumwa. Wewe nenda hospitali wiki hii. Hapo Muhimbili wapo madaktari wa afya ya akili, na kumwona daktari huyo si kuambiwa una wazimu. Mwambie habari ya kutapika, mwambie na saa nane ya usiku, usimfiche kama ulivyotaka kunificha mimi.

Nilipokuja kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, nilikuwa na deni la kulipa, ndiyo maana nilijifunza sheria. Ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike anahesabiwa kuwa ameachishwa. Lakini Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, itataka ushahidi, na malalamiko ya kuachishwa hupelekwa ndani ya siku 30 tu. Kwa hiyo nunua daftari. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe, na nani alikuwepo. Zile za wasapu zipige picha. Fanya hivyo hata kama utabaki.

Nimekulea kwa mvumilivu hula mbivu, najua. Nilikusudia shule, nilikusudia ndoa yangu pia. Sikukusudia hili. Au labda nililikusudia, maana ndivyo na mimi nilivyoishi, na pensheni ninayokula leo niliipata kwa kukaa kwenye kile kiti.

Anti yako nilimwona mara moja tu, mwaka 2009, nikienda mahafali yako. Basi lilisimama Korogwe, yeye ana kibanda cha chakula pale. Alinitambua kabla sijamtambua. Akauliza habari zako kwa jina. Kisha akafuta kiti kwa kanga yake, akakivuta: "Kaa dada, safari ndefu." Nilishindwa kukaa. Nilikula wali wake nimesimama mpaka basi likapiga honi, na neno la msamaha nikaondoka nalo mdomoni.

Basi, niache au nivumilie? Nikikwambia acha, utaacha kwa neno langu, na ada ya mdogo wako unailipa wewe, utakuja kunilaumu hata kama kimoyomoyo. Nikikwambia vumilia, nitakuwa nimekaa tena pale pale. Sitasema. Ingawa jana usiku, kabla sijalala, nilikitoa kitanda chako stoo nikakikung'uta.

Ijumaa panda basi la alfajiri. Nitakuwa stendi ya Kange hapa Tanga kuanzia saa sita. Likisimama Korogwe, shuka, kibanda ni cha kwanza upande wa kulia. Mwambie wewe ni mtoto wa nani.

Mama yako