Pima tena kabla hujamwaga: jinsi nilivyounguza matumbawe kwa alkaliniti

Akropora zangu mbili, yale matumbawe magumu yenye matawi, nimeziua mwenyewe, na chanzo ni sirinji. Ngoja nieleze, maana naona wengi mnaoanza tangi la maji chumvi mnahangaika na alkaliniti kama nilivyohangaika mimi, mtu akiona namba imeshuka mkono uko tayari kwenye kopo la unga wa kuipandisha.

Kwa lugha rahisi alkaliniti ni akiba ya bikaboneti na kaboneti iliyomo kwenye maji. Matumbawe magumu yanaichukua pamoja na kalsiamu kujengea mifupa yao, ule mwani wa zambarau unaofunika mawe nao unakula humohumo, kwa hiyo kila siku inapungua na usiporudisha matumbawe yanaacha kukua. Tunaipima kwa kizio kinaitwa dKH. Bahari yenyewe iko kwenye dKH 7 hivi, kwenye matangi wengi tunakaa kati ya 7 na 11. Mi nakaa 8. Wa 7.5 na wa 9 wote wanaweza kuwa na matumbawe mazuri kuliko yangu, ilimradi maji yao hayapandi na kushuka ovyo.

Sasa ile siku. Sirinji yangu ya kupimia ilikuwa imepasuka nikachukua nyingine. Hii mpya mpira wake una pete mbili, moja mbele moja nyuma, mi nikawa nasoma ya nyuma. Yaani nilidhani nimechota mililita 5 kumbe ni 4. Kwenye hayo maji nikadondosha matone ya dawa ya kipimo, unayahesabu mpaka rangi igeuke, rangi ikageuka mapema, nikasoma 6.4. Moyo ukashtuka. Maji yalikuwa 8 kamili, ila maji kidogo yanataka matone machache, na kipimo chenyewe hakijui umechota kiasi gani.

Ilikuwa usiku, nimechoka, sikurudia kupima. Nikapiga hesabu ya kufika 8.5: gramu 3 za sodiamu bikaboneti zinapandisha dKH 1 kwenye lita 100, tangi ni la lita 200, basi gramu 12 na kidogo. Hapo kosa la pili, tangi la lita 200 ukishatia mawe na mchanga halina lita 200 za maji, langu lina kama 165. Nikakoroga kwenye kikombe, nikamwaga chote, nikalala. Kwa hiyo maji yaliyokuwa 8 na hayana shida yoyote yalienda 10.5 kwa usiku mmoja!

Siku ya tatu nikaona ncha zimekuwa nyeupe. Nikawasha tochi nikasogeza uso kwenye kioo, ngozi inachunika kuanzia nchani kushuka chini, nyuma yake mfupa mtupu. Na naitreti na fosfeti zangu, yaani virutubisho vya kwenye maji, zilikuwa karibu na sifuri kipindi kile, hali hiyo ikikutana na alkaliniti ya juu ndo ncha zinaungua kirahisi, wengi tumeliona hilo kwenye matangi yetu. Ukiwa na maji masafi hivo kaa chini ya 8.5, usitake makubwa.

Tangu hapo namba ikinishangaza simwagi kitu. Napima tena, na nikiwa bado na wasiwasi napima na kipimo kingine kabisa. Naangalia na ukali wa chumvi, uwe 35 kwa elfu, kwa sababu maji yakikauka tangini chumvi inapanda na alkaliniti inapanda nayo, unaweza kusumbuka na tatizo ambalo dawa yake ni maji matamu tu. Na hata ikithibitika kweli imeshuka, sipandishi zaidi ya dKH 1 kwa siku. Nusu ndo nzuri zaidi. Matumbawe yamevumilia wiki nzima ya 6.5, siku mbili za ziada hayatakufa.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kujua tangi langu linakula kiasi gani. Acha kuongeza chochote, pima leo, pima tena baada ya siku mbili saa ileile. Langu lilitoka 8.4 likafika 7.4, maana yake nusu dKH kwa siku. Kwa lita 165 hiyo ni gramu 2.5 za bikaboneti. Nikayeyusha gramu 50 kwenye lita moja ya maji yaliyochujwa, sasa kila siku zinaingia mililita 50, nusu asubuhi nusu usiku, pale kwenye mkondo wenye nguvu. Baadaye nikaweka pampu ya dozi inayotia yenyewe, ila kwa mwaka mzima nilikuwa natumia mkono na hamna kilichoharibika. Matumbawe yakikua yanakula zaidi, kwa hiyo hesabu hii narudia kila baada ya wiki chache.

Kalsiamu nayo inashuka pamoja, kwa kila dKH 2.8 inayoliwa zinaondoka kama miligramu 20 kwa lita. Mi naishikilia kati ya 400 na 450. Ila usimwage kalsiamu na bikaboneti kwa pamoja sehemu moja. Mi nilijaribu, maji yakawa meupe kama tui, ile ni chokaa imejitengeneza palepale na hela yako imelala kwenye mchanga. Acha muda katikati. Na kama alkaliniti haipandi hata uweke nini, pima magnesiamu, ikiwa chini sana ya 1250 chokaa inaganda yenyewe kwenye hita na pampu.

Kuna wanaochanganya alkaliniti na pH, kile kipimo cha uchachu wa maji. Umefunga madirisha, chumba kina watu, hewa imejaa kaboni dayoksaidi, pH inashuka mpaka 7.8 lakini alkaliniti haijasogea hata kidogo. Ukimwaga bikaboneti hapo unaharibu kitu kilichokuwa sawa. Fungua dirisha kwanza.

Alafu chumvi mpya ukifungua ndoo ichanganye upime kabla ya kubadilisha maji, zingine zinatoka na 11 au 12, ukibadilisha asilimia 30 kwenye tangi la 8 umeshapandisha dKH 1 bila kujua.

Akropora ya tatu ilipona. Ule upande uliochunika umefunikwa na mwani wa zambarau, na chini pale kwenye shina zimeanza kuchomoza ncha mpya nne za buluu. Sirinji bado ni ileile, nimeichora mstari mweusi kwa kalamu ya wino usiofutika, kwamba pete ya mbele ndo ifike hapo.