Uso wa kigunduzi cha gerimani: pa kuangalia kwanza

Wadogo zetu mnaoanza fizikia ya nyuklia hapa Lubumbashi, msihangaike na gama (miale ya mwanga wenye nishati kubwa) peke yake. Uso wa fuwele ya gerimani, ambayo ndiyo kigunduzi chenyewe, ndio unaoharibu vipimo vingi.

Uvunjikaji wa beta mbili bila neutrino wa gerimani-76 (kiini kinatoa elektroni mbili tu) unatafutwa kwenye keV 2039, keV ikiwa kipimo cha nishati. Alfa (kiini cha heli) ya poloni-210 ina keV 5304, na mtu anaweza kudhani iko mbali mno. Inategemea imegonga wapi. Kwenye kontakti (sehemu ya uso inayounganishwa na umeme) ya boroni, ngozi iliyokufa, yaani tabaka lisilohisi mionzi, haifiki mikromita 1, kwa hiyo alfa inaonekana na karibu nishati yake yote. Upande wa lithiamu ngozi ni kama milimita 1, alfa inafia humo. Kule Gran Sasso, Italia, jaribio la GERDA, lililotafuta uvunjikaji huo, lilisumbuliwa upande huo na beta (elektroni) za potasi-42. Hatari kubwa ni uso ulio kati ya kontakti hizo, wenye utando mwembamba wa kuhami. Hapo chaji inanaswa, na nishati ya alfa inayosomwa inashuka hadi penye keV 2039.

Chaji hiyo huachiwa polepole, ndiyo maana mkia wa ishara unaisema. Sahihisheni kwanza mshuko wa ishara unaoletwa na kikuza-ishara: mkia wa gama utalala bapa, wa alfa utaendelea kupanda kidogo. Kuupima uso huo, tumieni chanzo cha alfa cha ameriki-241 ndani ya vakyumu, kwa sababu alfa haitoboi kifuniko cha alumini cha kigunduzi. Isogezeni milimita moja moja kutoka katikati kwenda ukingoni. Glavu isiuguse utando, mkondo unaovuja utapanda.

Uchafu wenyewe unatoka hewani. Udongo wa Katanga una urani (Shinkolobwe iko jirani na Likasi), urani inazaa radoni, radoni inaacha risasi-210 juu ya kila kitu, nayo risasi hiyo huzaa poloni-210. Vumbi la kiangazi nalo lisiingie labo. Fuwele ikae ndani ya azoti, na kila saa iliyokaa hewani iandikwe pamoja na tarehe.

Halafu chora idadi ya alfa kwa wiki, miezi mingi mfululizo. Wiki mbili hazitoshi. Ikipungua nusu kwa siku 138, ni poloni peke yake, mnaweza kungoja. Ikipanda, risasi ni mbichi, poloni ndiyo inazaliwa. Ikibaki bapa, risasi-210 imekaa zamani, na nusu-maisha yake ni miaka 22: fuwele irudi kwa mtengenezaji, uso uoshwe kwa asidi na utando upakwe upya.