Re: Mashindano ya pool Mwanjelwa (Mbeya), watu 40, kiingilio 5,000, meza 2: yataisha kwa siku moja?

Mkuu, hayaishi. Mtoano wa watu 40 ni mechi 39. Fanya siku mbili: Jumamosi watu 16 wa droo wacheze mechi 8, washindi waungane na 24 waliopita bure, kisha mechi 16. Hizo zote ziwe za kutangulia fremu 2, yaani anayewahi kushinda michezo miwili ndiye anapita. Kwa dakika 20 kila moja, meza zote mbili zikichezwa, ni masaa manne. Jumapili, 15 zilizobaki za kutangulia fremu 3.

Kinachokula hela ni tokeni, ile sarafu ya kufungulia meza kila fremu. Hapo fremu hazipungui 93, zinaweza kufika 147. Tokeni ikiwa 500, ni hadi 73,500. Sasa makusanyo ni 200,000. Ukitangaza zawadi za 140,000 umebakiwa na 60,000, na refa hajalipwa! Ongea na mwenye baa afungue meza bure siku hizo, yeye atauza vinywaji.

Droo ifanyike hadharani, baada ya kiingilio kulipwa. Majina ya "nitalipa nikifika" ndiyo yanayovuruga ratiba. Na sheria za faulo zibandikwe ukutani kabla, maana wachezaji wa mitaa ya Uyole na Soweto kila mmoja atakuja na zake.