Enfield ipi, mwanangu?

Mwanangu,

Barua yako imefika. Unasema ukoo wa mumeo wanashikilia kwamba babu yao wa karne ya 19 alikuwa Shaker wa Enfield, yaani muumini wa dhehebu la Kikristo la Marekani lililoishi kwa jumuiya, na unauliza mtaanzia wapi kumtafuta.

Anzeni na hili: Washaker hawakuoa wala kuolewa. Mume na mke wakijiunga pamoja, walitenganishwa, kila mmoja upande wake wa nyumba. Kwa hiyo babu huyo hakupata watoto akiwa Shaker mwaminifu. Ama aliingia na watoto ambao baadaye walitoka, ama alilelewa humo akiwa mdogo, akaondoka alipokua. Mimi nashuku la pili, maana watoto waliolelewa na kuondoka walikuwa wengi mno. Madaftari yao humwandika mtu wa namna hiyo kuwa "amekwenda duniani".

Sasa, Enfield ipi? Jumuiya zao za jina hilo zilikuwa mbili: ya Connecticut, iliyofungwa 1917, na ya New Hampshire, iliyofungwa 1923. Watervliet, jina la jumuiya zao nyingine, nayo iko New York na iko Ohio. Ukikosea hapo utasoma nyaraka za watu wengine mwaka mzima, na ubaya wake ni kwamba majina ya ukoo ya New England, majimbo ya kaskazini-mashariki, yanafanana, utaona kama umempata.

Rudini nyuma kutoka kwa mtu mnayemjua kwa hakika: cheti cha kifo, cha ndoa, kisha sensa za Marekani moja moja hadi 1850. Sensa hiyo ndiyo ya kwanza kumtaja kila mtu huru kwa jina, umri na mahali alipozaliwa. Kuanzia 1790 hadi 1840 hutajwa mkuu wa kaya tu, wengine ni hesabu kwa jinsia na umri, kwa hiyo makumi ya Washaker wamejificha chini ya jina la msimamizi mmoja wa mali. Na neno "familia" lisiwapotoshe. Kwao Familia ya Kaskazini au ya Kusini ni kundi la waumini wanaokaa na kufanya kazi pamoja. Wawili kuandikwa kwenye ukurasa mmoja si ushahidi wa udugu.

Sensa ya 1890 karibu yote imepotea kwa moto na uharibifu uliofuata, msihangaike nayo.

Mkishajua jumuiya, nendeni kwenye mkusanyo wa Western Reserve Historical Society, Cleveland. Ndio mkubwa kuliko yote wa hati za Washaker. Sehemu kubwa iko kwenye mikrofilamu, na kuna faharasa ya kadi za waumini. Kadi inaweza kuwapa tarehe ya kuzaliwa, ya kuingia, na ya kutoka au kufa. Tafuteni jina kwa kila tahajia mnayoweza kuifikiria, maana waandishi waliandika walivyosikia.

Kwa mtoto, hati yenye thamani kuliko zote ni mkataba wa malezi. Mzazi au mlezi, na wakati mwingine wasimamizi wa maskini wa mji, walimkabidhi mtoto kwa jumuiya, nayo ikaahidi chakula, mavazi, shule na ufundi. Humo mnaweza kupata jina la mzazi ambalo ukoo umelisahau. Agano la waumini, yaani hati ya kujifunga na jumuiya, lilitiwa saini na watu wazima, hivyo kukosa jina lake humo hakuthibitishi kwamba hakuwapo. Aliyetoka naye mara nyingi alisaini hati ya kukiri kwamba haidai jumuiya mshahara. Hiyo itawapa tarehe.

Kuna njia ya pembeni ambayo wengi hawaikumbuki: mtafuteni shangazi aliyebaki. Watoto wa tumbo moja mara nyingi waliingia pamoja, wakatawanyika baadaye. Dada aliyekufa humo ameandikwa zaidi kuliko kaka aliyeondoka. Gazeti lao la kila mwezi, lililotoka 1871 hadi 1899 na kujulikana zaidi kama The Manifesto, lilichapisha taarifa za vifo, na Hamilton College wameliweka kwenye intaneti.

Kama kuna fununu ya ndoa iliyovunjika, tazameni pia mahakama na sheria za jimbo. Bunge la New York lilimpa talaka Eunice Chapman mwaka 1818, baada ya mumewe kuwapeleka watoto wao watatu kwa Washaker wa Watervliet.

Makaburi yaacheni mwisho. Katika jumuiya kadhaa mawe ya mtu mmoja mmoja yaliondolewa, likabaki moja kwa wote.

Kwa hiyo nitumie kwanza jina lake kamili, mwaka wa kuzaliwa hata wa kukadiria, na mji alioolea. Mji huo ukiwa karibu na mto Connecticut upande wa kaskazini, tutaanza na New Hampshire.

Nisalimie mkwe wangu na wajukuu.

Mama yako