Besi si sauti ya chini

Msomaji ameuliza tumwiteje kwa Kiswahili mwimbaji wa opera ambaye Waitaliano humwita basso cantante. Yeye mwenyewe amependekeza "mwimbaji wa sauti ya chini iliyo laini".

Hilo "laini" nalivumilia, lakini "ya chini" sikubali hata kidogo. Anayesema kwa sauti ya chini ni yule asiyetaka kusikika chumba cha pili, ilhali waimbaji wa opera kwa desturi huimba bila maikrofoni, orkestra nzima ikivuma mbele yao, na sharti wasikike hadi kiti cha mwisho. Chukua Don Carlos ya Verdi, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1867. Mfalme Philip wa Hispania amekesha peke yake. Sello, ala ya nyuzi, inatangulia kuomboleza, kisha naye anaungama kwamba mkewe hakumpenda kamwe. Anaanza kama anayejisemea, na hapo, naam, sauti ni ya chini. Uchungu unapompanda anaipaza mpaka ukumbi unajaa, na besi, yaani aina ya sauti yake, ni ileile. Je, tuandike kwamba sasa anaimba sauti ya chini kwa sauti ya juu? Hajatulia vizuri, anaingia Mkuu wa Baraza la Kuhukumu Wazushi, mzee kipofu wa miaka 90, naye pia besi, tena nzito zaidi, na wawili hao wanakabiliana juu ya uhai wa mwana wa mfalme. Ukiwaita "waimbaji wawili wa sauti ya chini", pambano hilo la dola na kanisa linageuka wazee wawili wanaotetana matangani.

Kiswahili hakijapungukiwa: sauti ya namna hii tunaiita nene au nzito, na kinyume chake nyembamba. Atakayenikumbusha kwamba bassus ya Kilatini, asili ya "besi", ilimaanisha pia "chini", ajue kwamba ilimaanisha "nene" vilevile.

Basi "besi" imekwisha kuzoeleka, ibaki. Cantante, yaani "yenye kuimba", huitofautisha na besi ya kina kirefu, kama ile ya Sarastro, kuhani katika opera ya Mozart. Cantante hukaa juu kidogo na hubeba sentensi ndefu za muziki bila kukwaruza, kama alivyoimba Ezio Pinza. Mimi ningeandika "besi nyororo". Wapo watakaong'ang'ania "besi ya kiliriki", nami nitaipitisha, ingawa kwa shingo upande.